Pampasi chooni, majitaka uwanjani: Sheria ya bomba ambayo wazazi wengi hawaijui

Dar es Salaam. Ilikuwa Jumamosi, saa 1 asubuhi. Sikuwa nimefungua bomba lolote, lakini maji yalikuwa yanapanda kwenye tundu la bafuni kwangu. Yalikuwa ya kijivu, yenye povu la sabuni na punje za wali.

Naishi nyumba ya chini katika jengo la ghorofa tatu, kwenye moja ya maeneo machache ya jiji yaliyounganishwa na bomba la umma la majitaka. Wali ule haukuwa wangu. Jirani wa juu alikuwa anaosha vyombo vya jana, na maji yake yalipokosa njia ya kwenda mbele, yalitafuta mlango wa kwanza ulio wazi. Mlango huo ulikuwa bafu langu.

Nilipotoka nje, hali ilikuwa mbaya zaidi. Mfuniko wa chemba ulikuwa umeinuka na majitaka yalikuwa yanatiririka uani hadi kwenye kibaraza ambacho watoto hucheza. Watoto wawili wa majirani, mmoja hajafikisha hata miaka mitatu, walikuwa wanaelea boti za karatasi kwenye maji yale.

Fundi alikuja kabla ya saa 4. Alifungua chemba, akaingiza waya wake, akavuta. Zilitoka pampasi tatu zilizovimba kama mito, kipande cha kitambaa cha deki, taulo ya kike na bonge jeupe la mafuta, gumu kama sabuni ya mche. Familia zote za jengo tulisimama tukitazama. Hakuna aliyesema ni vyake.

Tulichanga fedha, fundi akalipwa, ua ukamwagiwa jiki. Lakini swali lilibaki: je, kuna sheria yoyote inayosema kipi kiingie kwenye bomba lile na kipi kisiingie? Au kila mtu anajitupia anavyotaka, kwa kuwa kinachokwenda chooni hakionekani tena?

Jibu ni kwamba sheria ipo. Na ingawa wengi tunadhani ni ya viwanda pekee, sehemu yake kubwa inaanzia jikoni na chooni kwetu.

Mabomba mawili, safari mbili

Kabla ya kufika kwenye sheria, mzazi anapaswa kujua jambo moja ambalo hata sisi tuliozaliwa mjini hulichanganya. Mjini kuna njia mbili za maji machafu, na kila moja ina safari yake.

Ya kwanza ni bomba la majitaka. Hili limefukiwa chini ya ardhi na unalijua kwa mifuniko ya chemba zake barabarani na uani. Linabeba maji ya chooni, bafuni na jikoni. Kwa Dar es Salaam, bomba hilo husimamiwa na Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira (Dawasa). Majitaka ya katikati ya jiji huishia baharini kupitia bomba refu, na ya maeneo mengine hupelekwa kwenye mabwawa ya kutibu, kama yale ya Vingunguti.

Ya pili ni mtaro wa mvua. Huu mara nyingi uko wazi, kando ya barabara. Kazi yake ni kuondoa maji ya mvua, na haupiti kwenye bwawa lolote la kutibu. Kinachoingia mtaroni huenda moja kwa moja kwenye mto, kwa mfano Msimbazi, na kutoka hapo baharini.

Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni kutochanganya njia hizi mbili. Majitaka hayaruhusiwi kwenye mtaro wa mvua kwa sababu yatafika mtoni yakiwa mabichi, na njiani yatapita mbele ya milango ya watu. Maji ya mvua nayo hayatakiwi kwenye bomba la majitaka.

Hili la pili huwashangaza wengi. Mtu anaona ua umejaa maji wakati wa masika, anafungua mfuniko wa chemba ili yaingie. Anadhani amefanya usafi. Lakini bomba la majitaka limepimwa kwa maji ya vyoo na majiko, halikupimwa kwa mvua. Linapojaa, majitaka yanarudi juu na kutokea kwenye chemba ya nyumba iliyo bondeni. Ua wako umekauka, wa mwenzako umefurika kinyesi.

Sheria inasemaje

Kuna sheria tatu kubwa zinazogusa jambo hili nchini.

Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019 ndiyo inayozipa mamlaka za maji jukumu la kusimamia mfumo wa majitaka. Kwa lugha rahisi, bomba lile si mali ya mtaa wala ya mwenye nyumba. Lina mwenyewe, na mwenyewe ana haki ya kusema nani aunganishwe na apitishe nini. Kujiunganishia kienyeji usiku kwa kumlipa fundi ni kosa.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kutiririsha kemikali, mafuta na vitu vingine vya hatari kwenye mazingira. Wenye viwanda na biashara zinazotoa majitaka wanatakiwa kupata kibali kabla ya kuyaingiza kwenye mfumo wa umma. Wengine hulazimika kuyasafisha kwanza ndani ya eneo lao, ndipo yaende bombani.

Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inamhusu kila mwenye nyumba. Ndiyo inayompa bwana afya au bibi afya nguvu ya kukagua nyumba na kumtaka mhusika aondoe uchafu unaohatarisha afya ya majirani, ikiwamo choo kinachovuja au chemba inayofurika.

Ukiacha vifungu na kutazama orodha ya vitu ambavyo mamlaka za majitaka hukataza, hapa kwetu na kwingineko duniani, utaona inafanana. Vinakatazwa vitu vinavyoziba, vinavyolipuka, vinavyotoa gesi ya sumu, vinavyokula bomba, na vinavyoua bakteria wanaosafisha majitaka huko mwisho wa safari.

Kinachobaki kuruhusiwa kutoka nyumbani ni kidogo: maji tuliyotumia, haja kubwa na ndogo, na karatasi ya chooni kwa wanaoitumia. Basi.

Kwa nini kila kitu kina sababu yake

Anza na pampasi. Ndani yake kuna chembechembe zilizotengenezwa kwa kazi moja tu, kunyonya maji na kuyashikilia. Ndiyo maana mtoto hulala nayo usiku kucha bila kulowa. Ukiitumbukiza chooni, inaendelea na kazi yake hiyohiyo: inanyonya, inavimba, inakwama kwenye kona ya bomba. Taulo ya kike hufanya vivyo hivyo. Katika maduka yetu pampasi inauzwa hata moja moja, na hiyo moja inatosha kufunga njia ya jengo zima.

Vitambaa vyenye unyevu vya kufutia watoto ni ndugu wa pampasi. Vingine vimeandikwa kwenye pakiti kwamba vinaweza kutupwa chooni. Fanya jaribio hili nyumbani: chukua glasi mbili za maji, moja tia karatasi ya chooni, nyingine tia kitambaa hicho. Koroga kwa kijiko. Karatasi itasambaratika mbele ya macho yako. Kitambaa utakikuta keshokutwa kikiwa kizima.

Mafuta ya kupikia ni adui mtulivu. Yakiwa moto yanateleza kama maji, na mama anayesuuza sufuria ya maandazi kwenye sinki haoni tatizo lolote. Yakipoa ndani ya bomba yanaganda ukutani. Baada ya muda huungana na madini ya kalsiamu na kuwa kitu kigumu kinachofanana na sabuni. Pampasi au kitambaa kikipita hapo kinanasa, mafuta mengine yanakuja juu yake, na bonge linakua.

London, Uingereza, waliona bonge la namna hiyo mwaka 2017 chini ya mtaa wa Whitechapel. Lilikuwa na urefu wa mita 250 na uzito wa tani 130. Ndani yake kulikuwa na mafuta ya majikoni, vitambaa vya kufutia na pampasi. Vilikuwa vitu vilevile fundi alivyovuta kwenye chemba yetu, tofauti ni ukubwa tu.

Mchanga, jivu na saruji havielei, vinatuama. Wanaosugua masufuria kwa mchanga na jivu wamwage mabaki nje kwenye udongo, si kwenye sinki. Na ukiwa na ujenzi, usikubali fundi aoshee ndoo na koleo zake chembani. Saruji itaganda humo kama ilivyoganda ukutani, na hakuna waya wa kuzibulia utakaoipasua.

Petroli, dizeli, tina na oili chafu ya gereji vimo kwenye orodha kwa sababu nzito zaidi. Mvuke wake hujaa ndani ya bomba lililofungwa, na cheche moja inatosha. Aprili 22, 1992, katika jiji la Guadalajara nchini Mexico, petroli iliyovuja kutoka kwenye bomba la mafuta iliingia kwenye mfumo wa majitaka. Mitaa ililipuka mmoja baada ya mwingine na zaidi ya watu 200 walipoteza maisha.

Rangi, asidi ya betri na dawa kali za kuua wadudu huathiri sehemu ambayo hatuioni. Kwenye mabwawa ya kutibu majitaka hakuna mashine ya ajabu inayofanya kazi. Wanaofanya kazi ni bakteria, mwani na jua. Bakteria wanakula uchafu, mwani unawapa hewa ya oksijeni, na jua pamoja na siku nyingi za kutuama huua vimelea vya magonjwa. Sumu ikifika huko, inaua wafanyakazi hao. Mafuta yakifika, yanatanda juu na kuzuia mwanga.

Matokeo yake ni maji yanayotoka bwawani yakiwa bado machafu. Kiwango cha Tanzania kinataka majitaka yaliyotibiwa yasizidi miligramu 30 kwa lita katika kipimo cha BOD, yaani kiasi cha oksijeni ambacho uchafu uliobaki utahitaji ili kuoza. Majitaka mabichi ya majumbani huwa na zaidi ya mara kadhaa ya hapo. Kazi yote ya kushusha kiasi hicho imeachiwa viumbe wadogo ambao kopo moja moja la tina kutoka kila nyumba linawadhuru.

Dawa za hospitali zilizobaki au kuisha muda nazo si za chooni. Bwawa la majitaka halikujengwa kuondoa dawa, na mabaki ya antibayotiki kwenye maji yanachangia vimelea kuzizoea. Rudisha dawa hizo kwenye duka la dawa au kituo cha afya na uulize utaratibu wao wa kuziteketeza. Sindano za anayejichoma insulini nyumbani zikusanye kwenye chupa ngumu yenye mfuniko, kisha uzipeleke kituoni. Ukizitupa chooni, atakayekutana nazo ni fundi anayeingiza mkono chembani.

Gesi inayoua bila kuonekana

Kuna sehemu ya jambo hili ambayo kila mzazi anapaswa kuijua hata kama hana bomba la majitaka.

Uchafu unapooza mahali pasipo na hewa hutoa gesi iitwayo haidrojeni salfaidi. Inanuka kama yai viza. Ni nzito kuliko hewa, hivyo hukaa chini, ndani ya shimo na chemba. Ikiwa kidogo unaisikia harufu. Ikizidi, inaua uwezo wa pua wa kunusa, na mtu anaweza kudhani imeisha kumbe ndiyo imekuwa nyingi. Baada ya hapo huanguka.

Kinachofuata ndicho kinacholeta misiba ya watu wawili watatu kwa siku moja. Mtu wa kwanza anaanguka shimoni, ndugu yake anaruka kumuokoa, naye anaanguka, anafuata wa tatu. Kwa hiyo kanuni ni moja: hakuna kuingia kwenye shimo la choo au chemba, iwe kufuata simu, ndoo au mpira. Usimtume kijana wa nyumbani wala wa mtaani kwa ujira wa elfu mbili tatu. Mtu akianguka, ita Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kwa namba 114 na uwazuie wengine wasimfuate.

Gesi nyingine tunaitengeneza wenyewe chooni. Choo kikiziba, wengi humwaga jiki, kisha dawa ya kusafishia sinki la choo, kisha tena jiki. Dawa nyingi za kung'arisha choo zina asidi, na asidi ikikutana na jiki hutoa gesi ya klorini. Ndani ya choo kidogo chenye dirisha la kiganja, gesi hiyo inaweza kumbana kifua mtu mzima. Mtoto mwenye pumu yuko kwenye hatari zaidi. Tumia kimoja tu. Ukihisi macho na koo vinawasha, toka, acha mlango wazi, na mpeleke hospitali anayepumua kwa shida.

Jinsi majitaka yanavyomfikia mtoto

Chemba inapofurika, wanaoumia kwanza ni watoto. Mtu mzima huyaruka majitaka, mtoto huyachezea. Wanatembea bila viatu, wanakaa chini, wanaokota vitu na kupeleka mikono mdomoni.

Ndani ya majitaka hayo kunaweza kuwa na vimelea vya kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na homa ya ini aina ya A. Mayai ya minyoo huweza kubaki hai kwenye udongo muda mrefu baada ya maji kukauka, hivyo ua unaoonekana mkavu bado si salama. Bomba la maji ya kunywa lililopasuka na kupita kwenye dimbwi la majitaka linaweza kunyonya uchafu huo wakati maji yamekatika na kuuleta jikoni yakirudi.

Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau Agosti 2015, mlipuko wa kipindupindu ulipoanza jijini na baadaye kusambaa katika mikoa mingi. Ugonjwa huo hufuata kinyesi kilichokosa pa kwenda.

Mtoto aliyegusana na majitaka aogeshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka, akatwe kucha na abadilishwe nguo. Akianza kuharisha, mpe maji ya ORS mapema na umpeleke kituo cha afya, ambako pia hupewa madini ya zinki ya siku 10 hadi 14. Usisubiri kesho ukiona macho yamedidimia, analia bila machozi, hakojoi, amelegea, au kinyesi chake ni kama maji ya mchele.

Sisi tusio na bomba la umma

Dar es Salaam ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5.3 katika Sensa ya mwaka 2022, na wengi wao hawajaunganishwa na bomba la umma. Wanatumia vyoo vya shimo au mashimo ya majitaka yanayonyonywa na magari. Je, sheria hii inawahusu?

Inawahusu. Shimo la majitaka ni bwawa dogo la kutibu, na ndani yake kuna bakteria walewale. Ukimwaga ndoo za jiki kila wiki unawaua, uchafu hauozi, shimo linajaa haraka na unaita gari mapema. Pampasi na taulo za kike hazioza, zinachukua nafasi na kuziba mpira wa gari la kunyonya. Ndiyo maana baadhi ya wenye magari huongeza bei wakikuta shimo limejaa taka ngumu.

Gari lenyewe lina sheria yake pia. Linapaswa kuwa limeruhusiwa kufanya kazi hiyo na kumwaga mzigo kwenye mabwawa yaliyotengwa. Muulize dereva anakwenda kumwaga wapi. Anayekupa bei ya chini sana huenda anamwaga mtoni, na mto huo una watoto wanaoucheza pia.

Na kuna jambo ambalo kila mkazi wa uswahilini analijua na halisemwi hadharani: kutapisha choo. Mvua kubwa inaanza, mtu anatoboa shimo lake ili kinyesi kiondoke na maji. Ni kosa kisheria, na bwana afya anaweza kukufikisha mahakamani. Ila wengi wanaofanya hivyo hawafanyi kwa ukorofi. Gharama ya gari ni kubwa, nyumba ina wapangaji kumi, mwenye nyumba hapokei simu. Wapangaji wakichanga kidogo kidogo kila mwezi na kunyonya wakati wa kiangazi, kabla ya vuli na masika, wanaepuka kufika hapo. Mwenye nyumba anayekusanya kodi na kuacha shimo lifurike ripotiwe kwa mtendaji wa mtaa.

Fanya hivi nyumbani kwako

Weka ndoo yenye mfuniko chooni. Watu wengi hutupa vitu chooni kwa sababu hakuna pengine pa kutupa. Mgeni au binti anayeona aibu kutoka na taulo yake mkononi atashukuru kukuta ndoo hiyo, hasa ukiweka na magazeti ya kufungia.

Pampasi: kung'uta kinyesi chooni, ikunje, ifunge kwenye gazeti, iweke kwenye ndoo ya taka. Kinyesi cha mtoto ni hatari kama cha mtu mzima, hivyo kisiachwe kwenye jalala. Wanaotumia nepi za vitambaa wasuuzie kinyesi chooni kwanza, ndipo wafue.

Mafuta: yaache yapoe, yamimine kwenye chupa tupu, funga, tupa na taka. Kikaango kifute kwa gazeti kabla ya kukiosha. Mwenye mgahawa au biashara ya chipsi na kuku anapaswa kuwa na chemba ya kunasa mafuta na kuisafisha mara kwa mara. Mama lishe asiye na chemba akusanye mafuta yake kwenye dumu.

Sinki: weka kichujio. Wali, ugali, majani ya chai na magamba ya samaki viishie kwenye kichujio. Saluni za nyumbani zifanye hivyo kwa nywele.

Sikukuu: unapochinja kuku au mbuzi, manyoya, utumbo na damu visiende chembani. Chimba shimo au vipeleke kwenye taka.

Oili, tina, rangi na asidi: hakuna kiasi kidogo kinachokubalika. Oili chafu ipeleke gereji wanakoikusanya. Rangi iliyobaki mpe jirani mwenye ukuta.

Wafundishe watoto. Mtoto wa miaka minne anaweza kukariri kwamba chooni huenda haja, maji na karatasi tu. Mwanasesere, soksi na kijiko pia huziba, na ni wao wanaovitumbukiza.

Ukiona chemba inafurika

Waondoe watoto kwanza, na ziba njia ya kufikia eneo hilo. Waombe majirani wote wa jengo waache kutumia maji kwa muda, kwani kila ndoo inayomwagwa juu inatokea chini.

Kisha tafuta tatizo liko wapi. Kwa kawaida bomba lililo ndani ya kiwanja ni jukumu la mwenye nyumba, na lililo barabarani ni la mamlaka. Kama chemba ya barabarani nayo imejaa, usimwite fundi wa mtaani, piga simu mamlaka ya maji. Namba ya huduma kwa wateja iko kwenye ankara yako. Andika tarehe na namba ya taarifa unayopewa. Siku zikipita bila kuhudumiwa, una haki ya kupeleka malalamiko yako Ewura, ambao ndio wadhibiti wa huduma hiyo.

Mfuniko ulioibwa au kuvunjika uripoti siku hiyohiyo, na uweke alama inayoonekana hata usiku, kama tawi la mti au ndoo iliyogeuzwa. Mifuniko ya chuma huibwa na kuuzwa kama vyuma chakavu, na shimo linaloachwa wazi linatosha kummeza mtoto anayekimbiza mpira. Maji yakishaondoka, kwangua matope, osha sakafu kwa sabuni, kisha ndipo upitishe jiki iliyochanganywa na maji. Jiki ikimwagwa juu ya uchafu huishiwa nguvu kabla ya kuua chochote.

Kwenye jengo letu tulikubaliana mambo mawili jioni ya Jumamosi ile. Kila nyumba ingeweka ndoo yenye mfuniko chooni, na chemba ingefunguliwa na kukaguliwa kila mwisho wa mwezi, familia zikipokezana zamu. Mwezi uliopita zamu ilikuwa yangu. Niliinua mfuniko nikiwa nimeshikilia pumzi.

Maji yalikuwa yanapita. Pembeni kulikuwa na kijiko cha chai cha plastiki, chekundu, cha mtoto. Mama yake alikitambua, akacheka, na safari hii akasema ni chake.